Herufi moja saa nane usiku

Tuseme ni saa nane usiku, na simu inaita kwenye chumba cha zamu cha timu ya dharura za afya ya akili. Anayepiga ni mwanamke. Kwa sauti ya kawaida kabisa anasema hapati usingizi na anaomba aelekezwe tu pa kupata dawa. Mhudumu anamsikiliza huku macho yako kwenye kompyuta, kwa sababu kabla ya kufunga faili lazima aingize herufi moja ya kipimo cha uharaka, kati ya A na G.

Kipimo hicho, kinachotumika Uingereza, kilitokana na kile cha jimbo la Victoria, Australia. A ni dharura ya papo hapo, ya kuita gari la wagonjwa au polisi. B ni kuonwa ndani ya saa 4, C saa 24, D saa 72, E wiki 4. F na G ni kuelekezwa kwingine au kupewa ushauri. Tangu 2024, mtu yeyote aliye England anaweza kupiga 111, akachagua namba 2, akaunganishwa na huduma ya afya ya akili. Mlango umepanuliwa, kwa hiyo kuchuja hakukwepeki.

Wanaokipinga kipimo hushika mwongozo wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba huko. Mwaka 2011, na tena 2022, ilikataza kutumia vipimo kutabiri nani atajiua au atajidhuru tena, au kuamua nani apewe huduma. Sababu inaeleweka: wengi waliojiua wakiwa chini ya huduma walikuwa wameandikiwa hatari ndogo walipoonwa mara ya mwisho. Basi, wanasema, herufi za nini?

Hapo ndipo ninapoachana nao. B haisemi mtu huyu atafanya nini. Inasema sisi tutafanya nini, na kwa muda gani. Ni ahadi ya timu, si utabiri. Kosa huanza herufi inapofika kwenye ubao wa zamu na G ikaanza kusomwa "hatari ndogo", kisha familia ikaambiwa hivyohivyo, na kesho yake hakuna anayekumbuka kwamba swali lilikuwa la saa tu. Kosa hilo ni letu, ingawa nakiri fomu yenyewe inalirahisisha.

Turudi kwenye simu. Mhudumu anauliza, "Uko na nani hapo?"
"Peke yangu. Watoto nimewapeleka kwa dada yangu."
"Lini?"
Kimya kidogo. "Leo jioni. Na mbwa pia."

Fomu haina kisanduku cha mbwa. Mhudumu aliyezoea kazi anaacha kuandika, anauliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Wapo wanaoogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo, halipandikizi, na mara nyingi ndilo linalomfungua. Simu iliyokuwa inaelekea G inakuwa B, pengine A.

Anayetetea sikio la mhudumu dhidi ya kipimo atasema, unaona? Ndiyo, naona. Lakini sikio hilohilo lina upendeleo wake. Mtu anayepiga kila wiki husikilizwa kwa sikio lililochoka, na mwenye kelele humpita mpole. Kipimo kinamlazimisha mhudumu aulize maswali yaleyale kwa wote, na kinampa msamiati wa kukabidhi zamu bila maelezo ya nusu saa. Kwa mgeni wa kazi hiyo ni ngao pia: siku mambo yakiharibika, maandishi yake yapo.

Kinachonisumbua zaidi ni muda. Habari ya mbwa haikuja dakika ya pili, ilikuja baada ya dakika thelathini, huku wengine wakingoja kwenye laini. Msimamizi anayehesabu urefu wa simu ataona uzembe. Atakayeingia zamu asubuhi anahitaji kitu kingine: sentensi moja kando ya herufi, inayosema kwa nini imechaguliwa na ibadilishwe kukitokea nini. Bila sentensi hiyo atakuta B tu, bila mbwa wala dada.

Na hata B iliyoandikwa vizuri inahitaji mtu wa kutoka. Timu ikiwa na watu wawili usiku ule, na wote wako nyumba nyingine, saa 4 zinahesabika vilevile.