Ruzuku ya mbolea ikifika Mei, Trans Nzoia imeshapanda

Bei ya mbolea ya ruzuku nchini Kenya imeshuka kweli, na hilo lisibezwe. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa kwa takriban shilingi 6,500 uliteremshwa hadi 3,500, na mwaka uliofuata ukafika 2,500. Ila mjadala wetu umeganda kwenye bei, ilhali mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia anapata hasara kwenye tarehe.

Mbegu huko huingia ardhini kati ya Machi na Aprili, masika yakishika. DAP ni mbolea ya kupandia: kilo 100 zake zina kilo 18 za naitrojeni na 46 za fosfeti, inayobeba fosforasi. Sasa fosforasi haitembei udongoni. Hukaa pale ilipowekwa, na mzizi ndio unaoifuata. Ndiyo maana DAP hutiwa shimoni, ikafunikwa kwa udongo kidogo isije ikaunguza mbegu, kisha mbegu ikafuata. Aliyepanda bila DAP kwa sababu ujumbe wa vocha, yaani ruhusa ya kuchukua mbolea ya ruzuku ghalani, haujaingia kwenye simu, akaipata mahindi yakiwa na majani matano, ameletewa mfuko ambao kazi yake kubwa imeshampita. Akiumwaga juu, mche utaambulia naitrojeni tu; majani yatabaki na ile rangi ya zambarau kingoni ya kukosa fosforasi na shamba litadumaa. CAN, mbolea ya kukuzia, ndiyo yenye subira, maana huwekwa mahindi yakifika magotini. Ghala likipokea CAN Februari na DAP Mei, hesabu ya mifuko itakamilika kwenye karatasi, na gunia litapungua shambani.

Usajili nao una tatizo lake. Mfumo unamjua mkulima kwa kitambulisho, namba ya simu na ekari alizoandikisha kupitia kwa chifu. Wengi wanalima mashamba ya kukodi, na mikataba hiyo hufungwa baada ya mavuno, kuelekea Januari. Aliyeandikishwa na ekari moja, akakodi tatu mwaka huu, vocha yake bado inasoma ekari moja. Mwenye shamba, ambaye hagusi jembe, anabaki kwenye orodha na ekari zake zote. Daftari lifunguliwe upya kila Januari, hata kwa wiki mbili.

Halafu kuna nauli. Ekari moja hutaka walau mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa CAN. Tuseme bodaboda ni shilingi 400 kwa mfuko: mkulima wa ekari moja akienda ghalani akakuta mbolea haijafika, akarudi wiki ijayo, nafuu yake imeanza kuliwa barabarani. Mwenye lori la mifuko 100 haoni uzito huo. Ruzuku inayolipwa kwa mfuko humfaa zaidi aliye karibu na ghala na mwenye mashamba makubwa, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Kashfa ya mbolea bandia ya mwaka 2024 ilituachia fundisho dogo la mkononi. Tia kijiko cha yurea, mbolea nyingine ya naitrojeni, kwenye glasi ya maji, ukoroge: huyeyuka yote, na glasi hupoa mkononi. CAN huacha tope jeupe kidogo, hiyo ni chokaa yake. Kikibaki kichanga kinachokwaruza kati ya vidole, usiuweke mfuko huo shambani, na tunza risiti.

Na pale udongo wenyewe ulipo na tindikali, yaani kipimo chake, pH, kiko chini ya 5.5, fosforasi hunaswa na chuma na alumini kabla mzizi haujaifikia, na DAP mwaka baada ya mwaka huzidisha tindikali hiyo. Hapo chokaa ya shamba ndiyo iliyostahili ruzuku kwanza, nayo hutaka kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda.

Kwa hiyo vocha iwe na tarehe. DAP isipokuwa ghalani kufikia Machi 1, mkulima aruhusiwe kuchukua CAN au chokaa kwa thamani ileile, papo hapo, bila kurudi kwa chifu.