Kusudi la Mungu si Ahadi ya Ukuu

Katika semina ya vijana niliyohudhuria hivi karibuni, binti mmoja anayehudumia wagonjwa majumbani aliuliza atalijuaje kusudi la Mungu katika maisha yake. Alijibiwa kwamba kazi yake ya sasa ni njia tu ya kupita, kwamba Mungu amemwandalia makubwa zaidi, kisha akasomewa Yeremia 29:11, ambapo Mungu anasema anawawazia watu wake amani na kuwapa tumaini, na ukumbi mzima ukaitikia amina. Jibu hilo limeniuma, kwa sababu alikuwa ametoka kueleza jinsi anavyomgeuza kitandani mzee aliyepooza ili asipate vidonda, na anavyomlisha uji kijiko kwa kijiko, akisubiri ameze ndipo amwongeze. Hakuna aliyemwambia kwamba hapo alikuwa akimhudumia Kristo mwenyewe, ingawa Mathayo 25 inalisema jambo hilo waziwazi.

Mstari huo tunaoupenda sana ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliipeleka Babeli kutoka Yerusalemu, kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania alikuwa ametabiri hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na mateka watarudi. Ilikuwa ahadi tamu, na ilikuwa ya uongo. Barua ya Yeremia inataja miaka 70, yaani wengi wa walioisikia ikisomwa wangefia ugenini. Huko huko ugenini waliagizwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule ule walikopelekwa mateka. Tumaini la mstari wa 11 linakuja baada ya maagizo hayo, tena ni tumaini la jamii nzima, na mwalimu anayeling'oa hapo ili kumwahidi kijana mmoja mmoja cheo na mafanikio ya haraka anahubiri ujumbe wa Hanania kwa kinywa cha Yeremia.

Vipawa vipo, sikatai, na wako wanaoitwa kuacha kazi zao kama Petro na Andrea walivyoziacha nyavu. Lakini Zakayo, mtoza ushuru, hakuambiwa ahame Yeriko. Wokovu uliingia nyumbani mwake, naye akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu.

Wazee wetu wa Uamsho, vuguvugu la toba na wokovu lililoenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walilielewa jambo hili kuliko sisi. Aliyesema ameokoka alitarajiwa kurudisha alichoiba, kulipa madeni yake na kwenda kupatana na aliyemkosea, hata kama kufanya hivyo kulimwaibisha mbele ya kijiji kizima. Hali yake ya kiroho ilipimwa na majirani waliomjua.

Nawasihi wanaofundisha vijana wetu wasome sura hiyo ya Yeremia kuanzia mstari wa kwanza. Wawaulize vijana mji wao una shida gani, nani mtaani anaonewa, na ni nani wanayepaswa kumwomba msamaha au kumrudishia fedha zake. Maombi na kufunga viendelee, maana bila hivyo hakuna atakayekuwa na nguvu ya kuyajibu maswali hayo kwa matendo.