Kilwa Kisiwani: wageni wangapi, na waache nini?

Mkondo unaotenganisha Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani ni wa kilomita mbili hivi, na mara ya mwisho nilipouvuka, ubishi ulianzia gatini ukaisha tulipogusa mchanga wa ng'ambo. Siku mbili kabla, meli ya kitalii ilikuwa imetia nanga nje ya kisiwa, ikashusha wageni kwa boti ndogondogo, wakazunguka magofu kwa saa chache, kisha wakaondoka. Nahodha wetu, kijana wa Kisiwani, alikuwa bado na furaha ya siku ile. "Ingekuja kila wiki, hapa pasingekuwa na kijana wa kukimbilia Dar," alisema. Mzee mmoja aliyekumbatia kiroba chake cha unga akamjibu taratibu: "Waje, mjukuu wangu. Ila wakishuka mia kwa mpigo, nani atawaona wote? Mmoja akikalia kaburi, utamwinua saa ngapi?" Nahodha hakusita: "Na wasipokuja, babu, hilo kaburi litajengewa na nani?"

Wote wawili ni watoto wa kisiwa kimoja, na kila mmoja ana hoja. Nimeona nizipime, maana jambo hili huzungumzwa kana kwamba lina jibu moja tu: watalii ni neema, mjadala umefungwa, au watalii ni waharibifu, mjadala umefungwa.

Kilwa haikuanza leo kupokea wageni. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliteremka hapa akitokea Mombasa, akauhesabu mji huu katika miji mizuri kabisa aliyoiona. Sultani wa wakati huo, al-Hasan bin Sulaiman, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyokuwa akivitoa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo zilezile alizovaa. Akaahidiwa. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani akarudi, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Msikiti Mkuu wa Kilwa bado umesimama, upande wake wa kaskazini ukiwa ni kazi ya karne ya 11 na ya 12, na upande wa kusini, wenye nguzo na makuba, ukiwa ni upanuzi ulioanza zama za sultani huyohuyo. Ukisimama pale ndani huwezi kuacha kuiwaza Ijumaa ile.

Miaka 171 baadaye wakaja wageni wa namna nyingine. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa dhahabu. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon, ikafuliwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na mpaka leo kinaonyeshwa kwenye makumbusho ya jiji hilo. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, akauvamia mji wenyewe. Watu wake wakaupora, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Kwa hiyo ninaposomewa idadi ya wageni peke yake huwa sitosheki. Kilwa imeshampata mgeni aliyeondoka na nguo aliyopewa, na imeshampata aliyeondoka na dhahabu aliyopora.

Nianze na hoja za nahodha, maana ni rahisi kwa sisi tunaoishi mjini kuzidharau. Kisiwa kinaishi kwa uvuvi na mashamba madogo. Mgeni anayevuka analipa boti, analipa mwongozaji, na akikaa mpaka adhuhuri atakula samaki wa mtu na wali wa nazi uliopikwa na mama wa mtu. Akilala, analala Masoko, na hapo fedha inagusa wenye bajaji, wauza maji, wafua mashuka. Pia kuna faida isiyoingia mfukoni. Gofu lisilo na macho ya watu huota vichaka, mizizi ikaingia kwenye nyufa, na jiwe lililoanguka likaokotwa likajengewe banda. Palipo na njia inayofyekwa kila mara, na watoto wa kijiji wanaojua kwamba ule ukuta ndio ada yao ya shule, pana ulinzi ambao askari mmoja hawezi kuutoa.

Na jina nalo lina nguvu zake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa inakula kingo za kisiwa na kuta zilikuwa zinaanguka. Mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Katikati ya miaka hiyo kumi fedha za wafadhili zilikuja, lakini mikono ilikuwa ya wanakisiwa: walijenga kingo za kuzuia mawimbi, wakapanda mikoko, wakajifunza kuziba kuta kwa chokaa. Kama Kilwa isingejulikana, nani angeona kwamba inazama?

Sasa nije kwa mzee.

Ukuta wa Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa macho ni ukuta wa jiwe, wa kudumu. Weka kiganja chako juu yake, usisukume, weka tu, kisha kiondoe: kimejaa unga. Mwongozaji wangu alinifanyisha hivyo kwenye kona ya Gereza, ile ngome ya zama za Waomani iliyojengwa juu ya mabaki ya ngome ya Wareno, halafu akanikataza nisirudie. "Mkono mmoja si kitu," alisema, "ila wewe si wa kwanza leo." Hapo nilimwelewa mzee wa kwenye boti. Mgeni mmoja akipanda ukuta kupiga picha hauoni tofauti. Mia wakipita pale pale, kwa haraka, kwa sababu meli itang'oa nanga, tofauti itaonekana.

Kuna na adabu. Kwa wenyeji, Kilwa ni mahali pa ziara kwa maana ile ya zamani, ya kuzuru waliotangulia. Kwenye magofu mengi ya pwani hii utakuta chetezo chenye majivu ya ubani, au chupa ya marashi imeachwa kibla, na aliyeiacha ni mama wa kijiji jirani mwenye haja yake kwa Mungu. Mahali kama pale huingii na kaptula ukakalia jiwe la kaburi kufunga kamba za viatu. Mwongozaji mwenye wageni sita anaweza kulisema hilo mara moja, kwa upole, likaeleweka. Mwenye wageni sitini anapiga kelele tu.

Ila hoja ya mzee iliyonigusa zaidi ni ile ambayo hakuitaja kwa jina. Wageni wa meli wanakula melini na kulala melini. Wanavuka na boti zao, wanatembea saa mbili au tatu, mara nyingi bila hata kufika Husuni Kubwa, kwa kuwa iko mbali kidogo na katikati ya mji. Hasara hiyo naihesabu kubwa. Husuni Kubwa ilikuwa kasri la al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya 100 juu ya jabali linalotazama bahari, na birika la pembe nane ambalo mistari yake bado imenyooka. Njia ya kwenda huko inapita mashambani na chini ya mibuyu. Ukiikosa hiyo umeona msikiti na ngome, hujauona mji. Wala hujajua kwa nini sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu iliokotwa Great Zimbabwe, huko ndani ilikotoka dhahabu iliyokuwa ikishuka Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, na kupita hapa.

Kwa hiyo, nani ana haki? Mimi naona nahodha amekosea jambo moja kubwa, na mzee naye amekosea moja.

Nahodha anaamini wageni wengi huleta utunzaji wenyewe. Mtu yeyote aliyefika Unguja anajua kwamba haiwi hivyo. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ipo Forodhani, mahali ambapo karibu kila mtalii wa Zanzibar hupita. Ilipigwa picha kuliko pengine jengo lolote la pwani yetu. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 ikaporomoka vibaya, ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafa. Mji Mkongwe wenyewe ulikuwa umeshaorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2000. Wageni hawakukosekana pale hata siku moja. Kinachosimamisha nyumba ya mawe ni fundi anayepanda juu kila baada ya masika kuziba mahali maji yanapopenya, na fundi huyo halipwi na idadi ya picha.

Mzee naye anaamini kimya kitaitunza Kilwa. Lakini bahari haingoji watalii. Mvua ya masika hailipi kiingilio. Kwenye msikiti mdogo wenye makuba nilionyeshwa dari ambayo mafundi wa kale waliipachika mabakuli yenye kung'aa, yakitazama chini. Mengine yamebaki. Mengine ni tundu la duara tu, pana kama kiganja kilichokunjuliwa, na ukiangaza tochi unaona alama ya kitako cha bakuli kwenye chokaa. Mwongozaji alisema yalibanduliwa kabla yeye hajazaliwa. Ule ulikuwa wakati wa kimya, wakati ambao wageni walikuwa wa kuhesabika kwa mwaka, na kimya hakikuyazuia mabakuli yale kuondoka.

Ninaposimama mimi ni hapa: hatari ya kwanza ya Kilwa ni maji, ya bahari na ya mvua, ya pili ni ukosefu wa mafundi, nyayo za wageni ni ya tatu. Anayetaka kupunguza wageni kabla ya kuhakikisha chokaa ipo anaziba tundu dogo na kuacha kubwa. Na anayetaka kuongeza wageni bila kusema fedha yao itakuwa chokaa lini, huyo naye hajanishawishi. Chokaa si jambo la kubeza. Ukiziba ukuta wa matumbawe kwa simenti, kazi ya siku moja na ya bei nafuu, simenti inazuia unyevu usitoke, chumvi inajikusanya nyuma yake, na jiwe linaanza kuchubuka. Chokaa yataka kuchomwa, kulowekwa, kusubiriwa. Yataka mtu aliyefundishwa na ambaye hatakwenda kuvua pweza mwezi ujao kwa kuwa kazi imekatika. Mafundi waliofunzwa katika miaka ile ya kuitoa Kilwa hatarini ni hazina kuliko gati lolote. Siku hizi magofu yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Inaweza kuleta boti, matangazo na ulinzi, na hayo ni mema, lakini ukuta hautunzwi kama tembo. Tembo ukimwacha bila kumsumbua, anaongezeka.

Kuhusu meli, nisingezifukuza. Ningewataka wageni washuke kwa makundi madogo, kila kundi na mwongozaji wa kisiwani, na waliobaki wasubiri zamu yao kijijini, kwenye mikeka na chai, badala ya kusubiri melini. Nahodha angepata safari zake zote, na mzee angeweza kumwona kila anayekaribia kaburi.

Lakini kundi ninalolitamani hasa halishuki melini. Nendeni Gede, kule karibu na Malindi, muone mabasi ya wanafunzi yanavyojipanga. Mtoto wa Kilifi anakua akijua kuna mji wa mawe msituni kwao. Kwetu, tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, Kilwa ni safari ya siku moja kutoka Dar es Salaam, ijapokuwa tuliona mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara huko Somanga, kwamba njia hiyo bado ni dhaifu. Hata hivyo nimekutana na watu waliozaliwa Lindi, wasomi, waliowahi kufika Lisbon na hawajawahi kuvuka ule mkondo wa kilomita mbili. Mwanafunzi wa Masoko akivuka mara moja na mwalimu wake, akauweka mkono wake ukutani akauona unga, atakuwa mlinzi kwa miaka 50 ijayo. Mtalii, hata awe mwema kiasi gani, ana siku moja tu ya kutoa.

Ningeomba jambo moja dogo la kuanzia, na haligharimu kitu. Pale Masoko, mahali mgeni anapokata kibali kabla ya kupanda boti, pawekwe ubao. Uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: mwezi uliopita walivuka wageni wangapi, zilipatikana shilingi ngapi, zilinunuliwa debe ngapi za chokaa, na ukuta gani umezibwa. Nahodha ausome akingoja abiria. Mzee asomewe na mjukuu wake. Mwezi ambao mstari wa chokaa utakuwa mtupu, wote wawili watajua waende kumuuliza nani.