Hela za Baba Yake Babu

Swali nililotupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo lilikuwa dogo: nani anajua baba yake babu alikuwa wa rika gani? Nilikuwa namsaka katika kumbukumbu za wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, vita vya 1914 hadi 1918. Usipojua rika la mtu wa enzi hizo, umri wake utaupigia ramli.

Kabla ya magharibi habari ilikuwa imenenepa. Waingereza wanalipa!

Tusiwacheke sana. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi kuliko risasi, na mishahara ya marehemu wengi haikufika kwao. Baba Mkubwa alishayasikia hayo mahali. Jumapili akaitisha mkutano, na kufumba na kufumbua tukawa na mwenyekiti (yeye), mhazini (mkewe) na mchango wa nauli ya kufuatilia hela. Nyumba kubwa wakataka wagawiwe kwanza, nyumba ndogo wakanuna. Wakajitokeza ndugu ambao hata matangani hatujawahi kuwaona, mmoja kaandamana na wakili.

Shangazi alikuwa mtu wa ushahidi. Alipanda matatu hadi Nairobi, Kenyatta Avenue, kwenye zile sanamu za ukumbusho zilizowekwa 1928, akapiga picha chini ya mpagazi. Akaituma kwenye grupu, pua ya sanamu kaizungushia duara jekundu.

"Hiyo pua ni ya kwetu. Nani anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Mimi nilichokwama nacho ni hesabu. Ukoo mzima tumelelewa tukiambiwa shujaa wetu alifia vitani 1917. Kitambulisho cha babu, mwanawe wa kumzaa, kinasema kazaliwa 1924. Nilipoyataja hayo mkutanoni, mtu mmoja akakohoa, wengine wakakumbuka chai.

"Karani alikisia," akasema Baba Mkubwa.

Ni kweli makarani walikuwa wakikisia. Ndiyo maana wazee chungu nzima wamezaliwa Januari mosi. Lakini miaka saba?

Ikabidi niwasomee nilichokipata. Mstari mmoja tu, wino umefifia: jina lake, jina la chifu wake, namba, kisha "ametoroka, Julai 1917."

"Alitoroka!" Shangazi akashika kifua. Halafu akatutazama mmoja mmoja, watu wazima na watoto tuliojaa ua mzima. "Alaa. Kumbe ndiyo maana tupo."

Wakili akaanza kufunga mkoba. Baba Mkubwa akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati bila haraka.

"Walimchukua lini?"

"Machi mwaka huohuo. Ile kamatakamata, machifu walipoambiwa watoe kila kijana mwenye mgongo."

Akahesabu kwa vidole, akarudia.

"Miezi minne alibeba, sivyo? Mhazini, andika: miezi minne, na riba yake. Wakili, keti."