Nesi mtafiti ampime mgonjwa au ampime mwenye nyumba?

Kuna hoja inarudi rudi kwenye mijadala ya afya Marekani, kwamba manesi wasomeshwe mpaka PhD halafu wakatafiti yale mambo ya nje ya hospitali yanayomfanya mtu augue, yaani nyumba anayolala, kipato, usafiri, chakula, hata kazi yenyewe anayofanya. Taasisi ya taifa ya utafiti wa uuguzi ya huko, NINR kwa kifupi, imeyaweka mambo haya kwenye mpango wake wa 2022 hadi 2026 na inatoa hela za kusomesha. Wapo wanaoshangilia, na wapo wanaouliza, hivi hii kweli ni kazi ya nesi?

Wanaounga mkono hoja yao inaeleweka haraka. Daktari anaandika insulini anaondoka, nesi ndo anabaki kumfundisha mgonjwa kujichoma, na pale anaposema "hizi ambazo hujafungua zikae kwenye friji" anamwona mgonjwa anainamisha macho, akimdadisi taratibu kumbe nyumbani umeme wamekatiwa. Hiyo haimo kwenye faili, kwa hiyo mtafiti anayechambua mafaili tu hawezi kuijua. Wala sio jambo geni, Lillian Wald alikuwa nesi na tangu 1893 alikuwa anahudumia wahamiaji maskini wa New York huko huko majumbani mwao.

Wanaopinga wanaanza na upungufu. WHO kwenye ripoti ya 2025 inasema dunia imepungukiwa manesi kama milioni 5.8, sasa unamtoa mtu wodini miaka kadhaa akaandike tasnifu? Mimi hii hainitikisi sana, manesi wenye PhD ni wachache mno, hata ukiwarudisha wote shifti bado zitakuwa na mapengo.

Inayonisumbua ni nyingine, kwamba wenye hiyo kazi wapo tayari. Kati ya 1994 na 1998 familia 4,498 kwenye miji mitano ya Marekani zilipangwa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa vocha za kusaidia kodi ya nyumba ili zihamie mitaa isiyo na umaskini mkubwa, na walipofuatiliwa zaidi ya miaka kumi baadaye akina mama waliopewa nafasi hiyo walikuwa na nafuu kidogo kwenye kisukari na unene uliopitiliza. Utafiti ule ulibebwa zaidi na wachumi na wanasosholojia. Nesi hapo anaongeza nini?

Jibu nadhani liko Camden, New Jersey. Kule walikuwa na programu ya kuwafuata nyumbani wagonjwa wanaolazwa kila mara, timu ina manesi, maofisa ustawi wa jamii na wahudumu wa afya wa jamii, wanamsaidia mtu dawa, miadi, mpaka kuomba misaada ya serikali. Ilisifiwa sana maana kweli wagonjwa wale walipungua kurudi hospitali. Halafu ukaja utafiti wa watu 800 wenye kundi la kulinganisha, matokeo yakatoka 2020: ndani ya siku 180 waliohudumiwa walirudi asilimia 62.3, wasiohudumiwa 61.7. Yaani makundi yote mawili yalipungua yenyewe, sababu mtu ukimchukua akiwa kwenye kipindi chake kibaya kuliko vyote mara nyingi atapata nafuu hata usipomgusa. Waliokuwa wanawatembelea wagonjwa wasingeweza kuliona hilo kwa macho. Ila na wenye namba wakiachwa peke yao watakuambia haikufanya kazi, kwa nini haikufanya kazi wataishia kubahatisha, na hapo aliyekaa sebuleni kwa mgonjwa ndo anahitajika, lakini awe anajua takwimu vizuri sio kugusa gusa.

Lawama yangu iko kwenye kile manesi watafiti wanachotumwa kupima. Mara nyingi ni dodoso, una chakula? una pa kulala? una usafiri? Marekani 2024 ilifanya lazima hospitali nyingi ziripoti ni wagonjwa wangapi wameulizwa maswali hayo, mwaka uliofuata serikali ikaamua kulifuta sharti hilo, na mgonjwa aliyesema sina pa kulala kujibu tu hakukumpa chumba. Nesi akisomeshwa kuhesabu shida za maskini tu tumepoteza hela. Apime mwenye nyumba asiyetengeneza ukuta wenye ukungu, apime ratiba ya basi, apime sheria ya likizo ya ugonjwa ilipobadilika watoto wenye pumu walilazwa zaidi au walipungua.

Hela zenyewe sasa, bajeti ya NINR haifiki dola milioni 200 kwa mwaka wakati taasisi mama NIH, ile ya taifa ya utafiti wa afya, ina zaidi ya bilioni 45, na 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza NINR ifutwe kabisa. Na shahada za ngazi ya PhD kwa manesi zimeongezeka kweli, ila ongezeko kubwa ni zile za utendaji wa kliniki, sio za utafiti. Hao wachache wanaobaki kwenye utafiti mi ningewapeleka darasa moja na wachumi tangu mwaka wa kwanza, na siku moja kila wiki wabaki wodini.