Fungu la asilimia 10 hukauka kiangazi

Biashara zikiyumba, hoja ile ile hurudi vijiweni na kwenye vikao vya madiwani: kwa nini halmashauri isiwape wafanyabiashara wadogo ruzuku, badala ya kuwakopesha? Kisheria, halmashauri zetu Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wanaotetea mkopo wana hoja nzito. Marejesho ya kikundi cha mwaka huu ndiyo mtaji wa kikundi cha mwakani, ilhali ruzuku ikitoka imetoka. Tena tumeona yaliyotokea hata penye masharti. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hii baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuanika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na iliporejea mwaka 2024 halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki. Kama fedha yenye katiba ya kikundi, muhtasari na akaunti ilipotea hivyo, ya bure itapona vipi?

Nakubali, ila kwa siku za kawaida. Siku ya janga ni nyingine. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, aliyepoteza mzigo hakupoteza faida tu, mtaji wenyewe uligeuka majivu. Mtu kama huyo mara nyingi tayari anadaiwa: kikoba, mwenye fremu, pengine na wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Ukimpa mkopo, hata usio na riba, umemwongezea mdai mwingine. Na ili aupate, kwa kawaida sharti awe na kikundi, kana kwamba moto huunguza watu kwa vikundi. Mzee wa miaka 55 anayeuza viatu, asiye na ulemavu, hayumo katika makundi yote matatu.

Uingereza walijaribu njia ya pili. Machi 2020, corona ilipofunga maduka, biashara ndogo za England zilianza kupewa paundi 10,000, na baadhi ya maduka, migahawa na hoteli 25,000. Haikuwa mkopo. Walipaji walikuwa halmashauri, kwa kutumia daftari la kodi ya majengo ya biashara walilokuwa nalo tayari, ndiyo maana fedha zilifika upesi. Lakini daftari hilo hilo liliwaacha nje wauza sokoni na waliopanga ofisi za pamoja, kwa kuwa majina yao hayakuwemo. Mei ikabidi ubuniwe mfuko mwingine, halmashauri ziwasake kwa busara zao. Na haraka ile ilikuwa na gharama yake: wapo waliolipwa wasiostahili.

Tofauti kubwa kati yao na sisi, kwa maoni yangu, haipo kwenye neno ruzuku wala mkopo. Ipo kwenye mfuko. Fedha zile zilitoka hazina kuu; halmashauri ziligawa tu. Fungu letu linatoka kwenye ushuru na leseni za wafanyabiashara hao hao. Soko likifungwa, ushuru unakauka, na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi. Yaani msaada hunona wakati wa neema na kukonda wakati wa dhiki. Jiji la Dar es Salaam linaweza kujikongoja. Halmashauri ya wilaya inayotegemea ushuru wa zao moja haina hata pa kuanzia, hasa mwaka mvua ilipokataa.

Kwa hiyo mikopo ya vikundi ibaki, lakini ruzuku ya janga itoke Serikali Kuu, Dodoma, iwe ndogo, ya mara moja, kwa mtu mmojammoja, na halmashauri iachiwe kazi ya kumtambua aliyeathirika. Mtendaji wa mtaa anajua nani alikuwa na meza na nani ameibuka leo, ingawa ndiye huyo huyo anayeweza kumwandika shemeji yake. Orodha ibandikwe ukutani ofisini kwake kabla ya malipo, majirani waisome. Orodha ya kuanzia haikosekani. Wenye leseni wanajulikana, na kuanzia Desemba 2018 machinga waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Wakati wa kukusanya, tuliwapata.