Kampuni ni zile zile, mteja ndiye tofauti

Wiki hii kazini limeletwa boksi. Ndiyo, najua, mbeba boksi, kama mnavyotuita tunaofanya vibarua Ulaya, kaanza habari za maboksi, chekeni mmalize. Hili lilikuwa la kijana mmoja ninayemhudumia hapa Coventry. Ana mtindio wa ubongo, vidole havimtii, na mkono wa kulia anautumia kwa ngumi tu. Nikasogea nimfungulie kama ninavyomfungulia kila kitu, akanikatalia kwa kichwa. Kumbe utepe wa boksi umeachiwa kitanzi. Akapitisha kifundo cha mkono kwenye kitanzi, akavuta, utepe ukatoka wote mzima. Chini yake kitanzi kingine, akavuta, mfuniko ukainuka. Ndani mna pedi ya kuchezea gemu za Xbox, ile mashine ya Microsoft, pedi ile bapa yenye vitufe viwili vikubwa kama visosi vya kahawa, akaikokota hadi mapajani kwake. Hapakutumika kisu, mkasi wala meno. Wala mimi sikutumika, nikabaki nimesimama pale na mikono yangu miwili mizima sina kazi.

Pedi yenyewe si mpya. Microsoft waliitoa mwaka 2018, na hapa ilianza kuuzwa pauni 74.99. Mgongoni ina matundu 19 ya jeki, jeki ile ile ya milimita 3.5 tuliyokuwa tunachomekea earphone kabla simu hazijaanza maringo. Unachomeka swichi unayoimudu wewe: moja unaigonga kwa goti, nyingine kwa kidevu, nyingine unaifunga kwenye kiti unaigonga kwa kisogo, na kila moja inafanya kazi ya kitufe fulani cha pedi ya kawaida. Kabla ya kuitoa, kampuni ilikaa na watu wanaocheza hivyo na mashirika yanayowasaidia, wakiwemo AbleGamers wa Marekani na SpecialEffect wa hapa Uingereza. Hawa SpecialEffect wako mji mdogo wa Charlbury, Oxfordshire, si mbali na ninapokaa. Ni shirika la hisani. Wanakupima unamudu nini, wanakukopesha vifaa, hawakudai hata senti. Wametengeneza hata programu ya kuchezea gemu ya Minecraft kwa macho tu. Macho! Na wameiweka bure.

Sasa nije nyumbani, ambako mnapajua.

Mdogo wangu yuko Tanga. Ajali ya bodaboda ilimwachia mkono mmoja unaofanya kazi, na huo mmoja nao unatetemeka. Anapenda mpira wa kwenye PS kuliko hata kula. Kibanda anachokwenda kina fundi, kijana wa hapo hapo mtaani, ambaye alimwangalia anavyohangaika, akachukua pedi ya Kichina, akaifungua, akaunganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha kengele ya mlango, akakigundisha kwenye ubao. Mdogo wangu anaweka ubao chini na kukanyaga kwa kisigino, mchezaji wake anakimbia. Solda imevimba na ubao una misumari, lakini kinafanya kazi. Anawafunga watu wenye mikono miwili, na wanamlipia mechi inayofuata kama kawaida ya kibanda. Mkitaka kunisikia nikijivuna na kwetu, basi hapo najivuna mpaka kesho. Fundi yule hakuwa na ruzuku wala maabara. Alimwona mtu ana shida, akaitatua kabla jua halijazama.

Lakini hebu tuangalie upande wa pili. Mwaka 2023, mwezi wa kumi, Microsoft hao hao wa boksi la vitanzi walianza kuwatumia watu ujumbe kwenye Xbox: kifaa ulichounganisha hakijaidhinishwa, una wiki mbili, kuanzia Novemba 12 hakitafanya kazi. Sababu iliyotajwa sana ni wezi wa mchezo, wale wanaotumia adapta ili bunduki zao za kwenye gemu zisitikisike. Sawa. Ila adapta za namna hiyo ndizo pia zilizokuwa zinawaunganisha watu wenye ulemavu ambao pedi rasmi haiwatoshi, au wanahitaji fimbo ya kuchezea iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine. Ulichotengenezewa na fundi wako kwa upendo kinageuka kosa lenye namba: 0x82d60002. Watu huku walipiga kelele za kweli. Ndipo nasema, msidhani nimekuja kuwaimbia wazungu mapambio. Kampuni hainaga moyo, hata iliyokushonea kitanzi. (Kibanda cha mdogo wangu kina PlayStation 3 kuukuu isiyojua intaneti ni nini, kwa hiyo hakuna wa kumzimia kengele yake. Umaskini nao una siku yake ya kutusaidia.)

Tofauti ninayoiona iko kwenye zile kelele. Huku mteja akipiga kelele, kuna mtu ofisini anakosa usingizi. Angalieni ya Sony, wenye PlayStation, mwaka 2024. Gemu yao ya Helldivers 2 ilikuwa inauzwa dunia nzima kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Mwezi wa tano wakatangaza kwamba lazima kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti ya mtandao wa PlayStation. Mtandao huo haupo rasmi katika nchi nyingi, na Tanzania na Kenya ni miongoni mwao. Kwa upande wetu wa Afrika utaukuta Afrika Kusini. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao hawakuzuiwa chochote, wakamwaga maoni mabaya zaidi ya laki mbili, na ndani ya siku chache Sony wakaufuta mpango. Wengi walipiga kelele kwa ajili ya watu kama sisi. Na sisi wenyewe tulikuwa wapi? Tulikuwa kimya, kwa sababu akaunti zetu zinasema tunakaa Johannesburg. Au Texas. Mnajuana wenyewe. Mtu aliyeingia kwa anwani ya uongo anaanzaje kugonga meza kudai haki? Siku akaunti ikifungwa na gemu ulizonunua ndani, unameza mate, unafungua nyingine.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Tumezoea kuwa wateja wa mlango wa nyuma hata tukiwa kwetu, kwenye kampuni zilizosajiliwa kwetu, zenye mabango kila kona. Maana tatizo kubwa la mdogo wangu si gemu, ni simu.

Kutoa pesa unajua mwenyewe: nyota 150, nyota, namba, reli. Menyu inakuja. Chagua, tuma. Menyu nyingine. Andika namba ya wakala, tuma. Andika kiasi. Andika namba ya siri. Mkono wake unatetemeka, akikosea tarakimu moja anafuta, anaanza tena, na akifika kwenye namba ya siri menyu imeshafunga. Muda umekwisha. Anarudi mwanzo. Kwa hiyo anafanya nini? Anampa muuza duka simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wa foleni wakiwa wanasikia. Na jioni unaingia ujumbe kutoka mtandao ule ule: mteja wetu mpendwa, usimpe mtu yeyote namba yako ya siri.

Nilimwambia aende ofisini kwao, pale kwenye viti vya rangi na kiyoyozi. Akaenda. Dada wa kaunta alikuwa na adabu zake zote, akampa pole, akamwambia, "Kaka, si uwe unakuja na mtu akubonyezee?" Nilipopiga simu kutoka huku nikaambiwa wamelipokea, litashughulikiwa, na kwa sasa mtandao unasumbua. Nilicheka kwa uchungu. Jina la kampuni sitalitaja, na haina haja, kila mmoja wenu amekwishaliweka la kwake.

Najua mtakachosema, maana nawajua.

Kwanza atakuja wa maji. "Watu hawana maji ya bomba, wewe unaleta habari za gemu." Mdogo wangu naye hana maji ya bomba, ananunua ya dumu kama wewe. Kunyimwa maji hakujawahi kumpunguzia mtu hamu ya kucheza. Pale kibandani ndipo alipo na rafiki zake, ndipo pekee mtaani anapoulizwa alivyomfunga fulani, badala ya kuulizwa ajali ilitokeaje. Mwite mtoto ukitaka.

Halafu yule wa pili, ambaye hukosi kumkuta: "Umekaa Ulaya juzi tu, unatudharau." Ndugu yangu, mimi ni mteja wa hiyo mitandao kuliko wewe. Kila mwisho wa mwezi jasho langu linapita humo, na kila likipita linakatwa. Kulalamikia ninachokilipia ndiyo dharau? Na huku kwenyewe si peponi. Siku nikiwa na shida na benki, ananijibu roboti, ananiita kwa jina langu la kwanza kama tumekua pamoja, ananizungusha mpaka nisahau nilikuwa na shida gani. Tofauti ni kwamba nikimshinda roboti kuna ngazi ya juu yake, na juu ya hiyo kuna nyingine isiyo ya kwao, na wao wanajua kwamba mimi naijua.

Wa tatu ni msomi. "Wenzetu wana sheria." Ahaa. Huyu namtaka akae karibu. Sheria ya Usawa ya Uingereza, inayomtaka mtoa huduma abadilishe utaratibu wake ili mtu mwenye ulemavu asikwame, ni ya mwaka 2010. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka gani? 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, Uingereza waliuridhia 2009. Na sisi? 2009. Sheria yetu ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta nayo ni ya 2010. Kwenye makaratasi tumekwenda nao bega kwa bega. Sasa niambie umewahi kumsikia nani aliyeipeleka kampuni ya simu mahali popote kwa sababu menyu inafunga kabla hajamaliza. Mimi sijamsikia, na kwenye familia yetu mtu huyo alipaswa kuwa mimi.

"Lakini hizo kubwa za nje hatuziwezi." Kwa nini hatuziwezi? Majirani zetu Wakenya, vijana waliokuwa wanachuja picha za kutisha za Facebook jijini Nairobi, waliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook. Kampuni ikasema yenyewe haiko Kenya, mahakama ya huko haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema inayo, kesi iendelee. Na sisi serikali yetu tangu Julai 2022 inawatoza watoa huduma za kidijitali wasio na makazi nchini kodi ya 2%, pamoja na VAT. Kwa hiyo tunajua wako wapi. Barua ya kodi inawafikia bila shida. Barua ya kumuuliza mtu kwa nini huduma tunayomtoza kodi haitumiki na asiyeona, au na anayetetemeka mikono, hiyo ndiyo posta yake inapotea njiani.

Tena niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Sisi wenyewe tunalea hili. Mtu mwenye ulemavu kwetu hakosi wa kumsaidia. Atavushwa barabara, atashikiwa simu, atabonyezewa. Huku kijana wangu anaweza kukaa siku nzima bila jirani kumgongea mlango, na hilo linanitia baridi kuliko theluji. Upendo wetu naujua na naukosa. Lakini kampuni zimeugeuza kuwa sehemu ya huduma yao. Hazihangaiki kutengeneza kitu anachoweza kukitumia mwenyewe, kwa sababu wanajua yuko kaka, yuko shangazi, yuko muuza duka. Gharama tumeibeba sisi, na anayelipa zaidi ni yule ambaye hana siri tena ya salio lake mbele ya mtaa mzima.

Mdogo wangu nimeshamwambia Desemba nikija nitamletea zile swichi za jeki, ampelekee fundi wake aone atafanya nazo nini. Amefurahi, lakini akaniuliza swali moja tu: zinaweza kuunganishwa na simu?

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnafanya kazi kwenye zile ofisi za vioo Dar, kitengo cha bidhaa au cha mifumo. Muda wa menyu kufunga haukushushwa na malaika. Ni namba, kuna mtu aliiandika, na kuna mtu ana ruhusa ya kuibadilisha. Fanyeni hivi: kesho asubuhi mmoja wenu afunge vidole vya mkono wa kulia kwa plasta, atoe elfu kumi kwa nyota na reli, wenzake wamtazame kwa saa. Halafu mkae kikao.